Boksi la Njenga

Jumapili, 6 Aprili 1997

Leo tumeanza msimu, na sote tunajua kwamba hakuna mwingine. Kuanzia tarehe mosi Julai bastola kama zetu hazitaruhusiwa tena hapa Uingereza, na kila aliye nayo ataipeleka polisi mwenyewe. Ravinder ameipanga ligi ya klabu iishe Jumapili ya tarehe 29 Juni, siku mbili kabla. Nimenunua daftari hili nisije nikasahau jinsi miezi hii ilivyokwenda.

Naandika Kiswahili kwa sababu ndicho nilichowafundishia watoto wa darasa la kwanza kule Tanga kabla hatujahamia huku, na mkono wangu bado unakikimbilia. Mume wangu hawezi kukisoma. Alikulia Kampala, Kiswahili chake ni cha kuagizia nyanya. Nyumbani tunaongea Kigujarati. Si kwamba nina la kumficha.

Timu yetu ni watu wanne. Nahodha ni Ravinder, Kalasinga wa Nairobi, mkaguzi wa mabasi. Njenga ni seremala, mtu wa Nyeri, anakaa Walthamstow na huja kwa treni, kwa hiyo bastola yake na risasi zake hulala kwenye sefu ya klabu. Wa tatu ni mume wangu, Baba Amisha, na mimi wa nne. Tunapiga shabaha katika ghala la matofali huko Neasden, nyuma ya reli. Sisi wanne tukiwa pamoja lugha yetu ni Kiswahili, kila mtu na chake, na Waingereza wa klabu wameshazoea.

Baba Amisha anatengeneza risasi mwenyewe, zake, zangu na za Njenga. Huokota maganda yaliyokwisha pigwa, akayasafisha, akayatia fataki mpya ya kuwashia, baruti na kichwa cha risasi. Ravinder hununua za kiwandani, na miaka kumi na moja wamekuwa wakibishana. Ravinder husema kiwanda hakina siku mbaya, hakigombani na mkewe asubuhi. Baba Amisha humjibu kwamba kiwanda hakijui kinamtengenezea nani. Zangu huzipunguzia baruti kidogo kwa sababu kifundo changu cha mkono ni chembamba. Nikizipiga, bastola inaruka kama kifaranga tu. Za Ravinder nilizijaribu mara moja, nikaumwa hadi Jumatano.

Leo tumeshinda.

Alhamisi, 10 Aprili

Baridi, umande umeganda kwenye vioo vya magari. Kwenye duka la dawa ninakofanya kazi kimya.

Jumapili, 20 Aprili

Baba Amisha amepiga vibaya tena. Kwanza alisema karatasi za shabaha za mwaka huu zimepauka, halafu akasema taa za ghala zimechoka. Ravinder akapanda ngazi akabadilisha taa mbili. Hazikusaidia.

Jumamosi, 26 Aprili

Nimempelekea chai kwenye chumba chake cha kazi, kile kilichokuwa cha binti yetu Amisha kabla hajaolewa. Zamani, akishatia baruti kwenye maganda hamsini, aliinamisha taa na kuchungulia ganda moja moja mpaka ndani, kama daktari anayetazama koo la mtoto. Ganda tupu huonekana, na lililotiwa mara mbili huonekana. Leo amepitisha taa juu ya maganda yote kwa mkupuo mmoja, kama anayepitisha taa ya ibada mbele ya mungu, kisha akaanza kuyafunga kwa vichwa vya risasi.

Nikamuuliza kama ameyaangalia. Akasema, "Miaka thelathini nimekuwa fundi wa mashine, Hansa. Vidole vyangu vinaona."

Nilikaa chini, nikainuka, nikaenda kufua mapazia ambayo hayakuwa machafu.

Jumapili, 27 Aprili

Nataka kuandika hili vizuri.

Nilikuwa kwenye risasi ya tatu ya mkupuo wa pili. Nikavuta. Badala ya mlio nikasikia kitu kama mtu aliyegonga meza kwa kifundo cha kidole. Bastola haikuruka. Kwenye karatasi hakukuwa na tundu jipya. Mkono wangu ulikuwa tayari unavuta tena, maana mkono una mazoea yake, na sijui ni nini kilichouzuia. Nikaiweka bastola mezani, mdomo ukielekea mbele, nikainua mkono juu kama nilivyofundishwa.

Ravinder akaja. Alichomeka kijiti kwenye mtutu kutoka mbele, na kijiti kikagota katikati. Ganda halikuwa na baruti. Fataki peke yake ilikuwa na nguvu ya kuisukuma risasi hadi katikati ya mtutu, ikakwama pale. Ningepiga ya pili ingeikuta ya kwanza njiani. Ravinder aliitoa kwa nyundo ndogo, akaiweka kwenye kiganja changu, akanitazama.

Baba Amisha alisema jambo hili humpata kila mpakiaji mara moja maishani, na yeye deni lake amelilipa leo. Njenga akacheka, akasema afadhali limemkuta mama mwenye akili kuliko yeye. Kila mtu akarudi kwenye nafasi yake.

Wakati wa kurudi nyumbani Baba Amisha aliendesha polepole sana. Kwenye mzunguko wa barabara alisimama hata pale ambapo hakukuwa na gari.

Jumanne, 29 Aprili

Kaunta ya dawa ina sheria moja. Chupa isiyosomeka lebo haitoki. Sikuweza kusimama mahali pamoja leo. Mwenye duka ameniuliza kama miguu inaniuma.

Alhamisi, 1 Mei

Siku ya uchaguzi. Baba Amisha alitoka kwenda kupiga kura, na nilijua atasimama barabarani kuongea na kila Mgujarati wa mtaa wetu wa Kenton mpaka saa sita. Nikaingia chumbani mwake.

Kulikuwa na maboksi mawili yangu ya mwezi uliopita, risasi mia moja. Nikaziweka kwenye mizani yake moja moja. Maganda hayana uzito sawa, kwa hiyo mizani haisemi kila kitu, lakini mbili zilikataa kabisa kufanana na nyingine. Nikazifungua kwa ile nyundo yake ya kuzifungulia. Ya kwanza ilikuwa tupu. Ya pili ilikuwa na baruti mara mbili.

Ile tupu nimeshakutana nayo. Hii ya pili sikuwahi kuiona kwa macho. Naijua kwa kusikia tu. Haikwami, huilipua bastola.

Nilifagia baruti, nikarudisha kila kitu mahali pake. Aliporudi nilikuwa napika. Nilikuwa na sentensi yangu tayari. Akavua koti, akasema barabarani watu wanacheka, nchi inabadilika. Akauliza kuna nini cha kula. Akanyoosha mkono kuchukua glasi, akaikosa kwa upana wa vidole viwili, akajifanya alikuwa anafuta meza.

Sentensi ikaniishia mdomoni. Kiwanda cha Park Royal kilimpunguza kazini miaka miwili iliyopita. Akienda kwa daktari wa macho watamnyang'anya leseni ya gari. Bastola anazipoteza baada ya wiki nane. Nikajiambia, wiki nane tu.

Jumamosi, 3 Mei

Nimekwenda mwenyewe kwenye duka la bunduki na kununua risasi mia mbili za kiwandani, aina ya shabaha. Muuzaji aliandika kwenye cheti changu cha silaha: tarehe, idadi, sahihi yake. Nyumbani nimezihamishia kwenye maboksi ya Baba Amisha, yale yenye lebo ya mwandiko wake. Maganda ni yaleyale ya shaba, hakuna atakayejua. Za kwake mia moja, kasoro zile mbili, nimezifunga kwenye kopo la unga na kuliweka juu ya kabati.

Ya Njenga nimeyafikiri. Risasi zake ziko kwenye sefu ya klabu, na zilipakiwa Februari. Februari Baba Amisha alikuwa bado anaona. Nadhani alikuwa bado anaona.

Jumapili, 4 Mei

Nimepiga mia mbili themanini na moja kati ya mia tatu. Kifundo kimevimba. Baba Amisha amesema "vizuri", basi.

Jumatano, 7 Mei

Bandeji. Nimewaambia dukani nimeteleza bafuni.

Jumapili, 11 Mei

Tumeshindwa. Baba Amisha alipiga mbili kwenye karatasi ya jirani yake.

Baada ya mashindano Waingereza walikaa na chai wakilalamika kuhusu sheria, kwamba wanaadhibiwa kwa kosa la mtu mmoja mwovu. Nikiwa pale huwa naitikia kwa kichwa. Lakini yaliyotokea Dunblane mwaka jana, mtu yule alipoingia shuleni na bastola na kuua, yalitokea kwa watoto wa umri niliokuwa nikiwafundisha mimi, kumi na sita na mwalimu wao. Watoto wa umri ule wakiogopa hukimbilia kwa mwalimu, hawakimbilii mlango. Kama ningeulizwa kwa kura ya siri, sheria hii ningeipitisha. Hilo sijamwambia mtu.

Na bado kila Jumapili nakwenda, na nikishusha pumzi kabla ya kuvuta kifyatulio, moyo wangu unatulia kuliko nikiwa hekaluni. Sielewi jinsi mtu mmoja anavyoweza kuwa na yote mawili.

Jumapili, 18 Mei

Tulipofika klabuni Baba Amisha alitoa kwenye mkoba boksi jipya, akampa Njenga. Hamsini, alizipakia wiki hii. Niliiona lebo. Tarehe ilianza vizuri kisha mwandiko ukashuka, tarakimu ya mwisho ikaangukia nje ya karatasi.

Njenga alishukuru kwa mikono miwili, akamwambia, "Mzee, ukiacha kunipakia mimi nami naacha." Baba Amisha akacheka. Mwezi mzima sijamwona akicheka namna ile.

Nikaenda msalani kunawa. Nilinawa muda mrefu. Nilijiambia nikitoka nitamwita Njenga pembeni. Nilipotoka alikuwa ameshavaa miwani na vizibo vya masikio, ameshaanza. Nikasimama nyuma yake nikihesabu milio. Alipiga thelathini. Zote zilikwenda sawa. Ishirini zilizobaki akazirudisha kwenye sefu.

Narudia kujiambia kwamba thelathini zilikwenda sawa.

Jumatatu, 19 Mei

Mara tatu leo nimeshika simu. Namba ya Njenga naijua kwa kichwa.

Alhamisi, 22 Mei

Hakuna jipya. Nimepanga upya kabati la jikoni, mara ya pili wiki hii.

Jumapili, 25 Mei

Hatukupiga leo, ni mapumziko. Amisha na mumewe walikuja kula. Aliniuliza kwa Kiingereza chake cha haraka, baba yake akiwa bustanini, kama baba anaona vizuri, maana alimsalimia mkwewe akidhani ni jirani. Nikamjibu kwa Kiswahili kwamba baba yake amechoka. Ananielewa nikisema Kiswahili, lakini kukitumia hataki. Alinitazama hivi, kisha akaenda kuosha vyombo.

Jumapili, 1 Juni

Imetokea.

Njenga alikuwa nafasi ya nne, mimi ya pili. Ravinder katikati yetu. Ulikuwa mlio mwingine kabisa, mpana, kama bati lililoanguka sakafuni, na hewa ikanipiga shavuni. Nilijua kabla sijageuka. Hilo ndilo ninalotaka liandikwe hapa, kwamba wenzangu wote waligeuka kutazama ni nini, na mimi niligeuka nikiwa najua.

Silinda ya bastola yake ilikuwa imefunguka juu kama ganda la njugu. Njenga alikuwa amesimama wima, mkono wa kulia ameunyoosha mbele yake kana kwamba ni wa mtu mwingine. Miwani ilikuwa na ufa mrefu, lakini ilikuwa imeyakinga macho. Kwenye paji la uso kulikuwa na mkato mdogo. Mkononi, kutoka chini ya kidole gumba hadi kwenye kifundo, nyama ilikuwa wazi. Hakupiga kelele. Alisema, "Kidole hakikunji." Akarudia, kwa sauti ileile, "Ravinder, kidole hakikunji."

Ravinder akavua kilemba chake. Sijapata kumwona akikivua mbele ya watu. Alikichana kwa meno, akamfunga. Mimi nilimshika Njenga kiwiko nikimwambia akae, akae. Baba Amisha alikuwa amesimama ukutani nyuma yetu. Aliuliza, "Nini? Ni nini?" na hakusogea, na mimi nikafahamu kwamba kweli haoni.

Hospitali wamemshona kwa saa tatu. Mshipa wa kidole gumba umekatika. Wameuunga, ila hawajui kama kitakunja tena. Ni mkono wa kulia. Mkono wa randa.

Njiani Baba Amisha alisema bastola ya Njenga ilikuwa kuukuu, chuma kimechoka. Alisema mara nne, kwa maneno yaleyale. Mvua ilianza pale Kingsbury, na alikuwa anaendesha uso wake ukikaribia kugusa kioo.

Jumanne, 3 Juni

Mvua.

Alhamisi, 5 Juni

Mvua. Nimempigia Njenga. Mkewe ndiye aliyepokea, akasema amelala.

Jumapili, 8 Juni

Hakukuwa na kupiga. Ravinder, ambaye pia ni katibu wa klabu, alitaka kila mwanachama alete cheti chake cha silaha akikague, kwa sababu polisi wataandika ripoti. Alikaa kwenye meza ndogo karibu na dirisha, mvua ikipiga bati juu yetu. Zamu yangu ilipofika Baba Amisha alikuwa kwenye gari.

Alisoma cheti changu, akageuza ukurasa, akarudi nyuma.

"Bhabhi," akasema. Huniita hivyo siku zote, mke wa kaka. "Hapa pameandikwa tarehe tatu Mei. Risasi mia mbili za kiwandani."

Nikasema ndiyo.

"Kabla sijaona hii nilikuwa najiuliza kwa nini mkono wako una bandeji."

Watu walikuwa nyuma yangu kwenye foleni. Alishusha sauti mpaka ikawa chini ya mvua.

"Ulijua."

Hakuwa ananiuliza. Nikamweleza yote pale pale, mizani, mbili nilizozifungua, kopo la unga. Alisikiliza huku ameshika kalamu. Nilitamani anigombeze. Alipiga muhuri kwenye orodha yake, akanirudishia cheti, akasema, "Mimi sitamwambia Njenga. Utamwambia wewe."

Kisha akasimama akautangazia ukumbi kwamba wiki zilizobaki za ligi ni risasi za kiwandani tu, kwa kila mtu. Ubishi wa miaka kumi na moja amekwisha kuushinda, na alionekana kama mtu aliyefiwa.

Jumatano, 11 Juni

Baba Amisha amesikia uamuzi wa klabu, amesema hakanyagi tena pale. Hajakanyaga chumba chake cha kazi pia. Anakaa sebuleni na redio. Nilimwambia twende kwa daktari wa macho. Alisema baruti ya mwaka huu ilikuwa mbovu.

Nikamwambia, "Huoni, Baba Amisha. Tangu baridi huoni."

Akaongeza sauti ya redio.

Jumamosi, 14 Juni

Nimekwenda Walthamstow.

Soko lilikuwa limejaa hata kwenye mvua. Nilitembea kutoka mwanzo wa mtaa hadi mwisho wake, nikarudi, nikanunua maembe ambayo sikuyataka, nikaenda tena hadi mwisho. Mtu wa vitambaa akaniuliza kama nimepotea. Ndipo nikaenda.

Njenga alinifungulia mwenyewe, mkewe alikuwa kazini. Mkono ulikuwa umefungwa hadi kwenye kiwiko, vidole vikitokeza, vimevimba na kung'aa. Alinikaribisha vizuri, akawa anajaribu kutengeneza chai kwa mkono wa kushoto, na hataki kusaidiwa. Kwenye korido kulikuwa na mlango mpya umeegemezwa ukutani, umepigwa randa upande mmoja tu.

Nikamwambia kabla chai haijaiva. Nilimwambia kwa mpangilio, kama ninavyoandika hapa, bila kuruka ile tarehe 18 Mei. Alibaki amesimama, kijiko mkononi.

"Siku ile nilipokuwa napakia silinda," akauliza, "wewe ulikuwa umesimama nyuma yangu?"

"Ndiyo."

"Ulikuwa unafikiri nini?"

Nilitafuta jibu bora kuliko lile la kweli, nikalikosa. Nikasema, "Nilikuwa nafikiri zimebaki wiki chache tu."

Alikiweka kijiko chini taratibu. "Mama Amisha, ungesema neno moja. Hata ungesema tu, Njenga, usipige leo. Nisingekuuliza kwa nini."

Najua asingeuliza. Hilo ndilo lililonivunja, kwamba ingekuwa rahisi hivyo.

Hakunifukuza. Alikwenda akafungua mlango wa nje, akasimama kando yake, nikatoka. Maembe nimeyasahau kwake.

Jumapili, 15 Juni

Sikwenda klabuni.

Alhamisi, 19 Juni

Mvua, mvua. Dukani nimempa mteja dawa ya kikohozi badala ya ya tumbo, lakini niliigundua alipokuwa bado mlangoni, nikamkimbilia barabarani bila koti. Ilikuwa dawa ya kawaida, isingemdhuru. Nikarudi, nikasoma upya lebo za rafu nzima.

Jumapili, 22 Juni

Ravinder amepiga simu. Timu haina watu, ameiondoa kwenye ligi. Aliuliza hali ya Baba Amisha. Nikamwambia haongei. Kabla hajakata akasema Njenga amemweleza kwamba nilikwenda. "Ulifanya vyema," akasema. Halafu akakata, na hakuna kati yetu aliyeona kama ni vyema.

Hata hivyo sijamwambia Baba Amisha kuhusu zile risasi mia mbili. Nimemwambia macho tu. Kwamba nilizipima kazi zake kwa siri, nikazificha juu ya kabati, na Jumapili tatu za Mei nikapiga za kiwandani kutoka kwenye maboksi yenye mwandiko wake, hilo limebaki kwangu. Najiambia mtu aliyevunjika haongezewi jiwe. Nimekuwa hodari sana wa kujiambia.

Ijumaa, 27 Juni

Baba Amisha hajambo. Amekula.

Jumatatu, 30 Juni

Naandika ya jana.

Asubuhi Baba Amisha alivaa koti zuri na kuniambia anakwenda klabuni, kutazama watu wakipiga mara ya mwisho. Nilifurahi. Ufunguo wa gari aliuacha mezani, akasema Ravinder atampitia kituoni. Saa nane Ravinder akanipigia kuuliza kwa nini hatukuja hata kuaga.

Nilikaa kwenye ngazi na simu mapajani. Nilimwona kwenye kila reli ya London. Nilipiga simu hekaluni, nikapiga kwa Amisha, nikavaa viatu, nikavivua, nikavivaa. Saa tisa na nusu simu ikalia.

"Mama Amisha," Njenga akasema. "Mzee yuko hapa kwangu. Njoo umchukue. Alikuja kwa treni peke yake, na nimeona jinsi alivyopanda ngazi zangu. Sitaki ashuke mwenyewe."

Nilipofika walikuwa wamekaa jikoni. Walikuwa wameshamaliza maneno yao, na waliyosemezana nimeyapata kwa Njenga mlangoni, kwa ufupi. Baba Amisha alikwenda kumwambia kwamba bastola yake haikuwa na kosa. Kwamba tangu Desemba jicho la kulia lina ukungu na la kushoto linaufuata, na yeye akapakia hivyo hivyo kwa vidole. Alikuwa ameuliza watu vituo viwili tu, alipopanda na pale Oxford Circus pa kubadilishia. Walthamstow ni mwisho wa njia, huwezi kupapita. Alimwomba Njenga amruhusu aushike mkono uliofungwa. Njenga akamruhusu. Alivipapasa vidole kimoja kimoja, na alipofika kwenye gumba akamwambia akikunje, na gumba likasogea, kidogo, kama upana wa punje ya mchele. Njenga alinionyesha. Hakusema amesamehe, wala mimi sikutazamia aseme.

Tulipanda treni. Behewa lilikuwa karibu tupu. Tulipokuwa tumepita Blackhorse Road akasema, akitazama mbele, "Mwezi wa Mei ulikuwa unapiga za kiwandani."

Nikamgeukia.

"Mlio wake ni mwingine," akasema. "Nilijua kwenye ile ya kwanza kabisa, tarehe nne. Macho yanaweza kuondoka, lakini masikio ninayo. Nikafahamu umezikagua zangu, na umekuta kitu."

"Mbona hukuniuliza?"

"Ningekuuliza, ungenijibu."

Treni ikasimama Tottenham Hale, milango ikafunguka, hakuingia mtu, ikafungwa. Nikawa nahesabu Jumapili kichwani. Tarehe nne. Tarehe kumi na moja. Tarehe kumi na nane.

"Boksi la Njenga," nikasema. "Ulimpa baada ya hapo."

"Baada ya hapo."

"Ulikuwa unajua kwamba mimi sizipigi tena, na ukampa."

Alikuwa amekunja mikono yake mapajani, ile mikono mikubwa ya fundi. "Nikimnyima, angeuliza kwa nini. Wiki nzima nilizipakia polepole. Kila moja nilisema hii ni sawa."

Kwa mwezi mzima nilidhani nimebeba jambo hili peke yangu, nikimkinga yeye. Kumbe naye alikuwa upande wa pili wa meza ileile, amelibeba lilelile, na kila jioni tulipitishiana chumvi. Tulikuwa wawili tuliojua. Asiyejua alikuwa yule tuliyemwacha na bastola iliyojaa.

"Hilo umemwambia?" nikamuuliza.

Treni ilikuwa inaingia Seven Sisters.

"Hapana. Nimemwambia macho tu."

Mimi pia nilikuwa nimemwambia mume wangu macho tu. Nikamwambia sasa yaliyobaki, mizani, zile mbili, kopo la unga. Aliitikia kwa kichwa kila nilipotua, kama anayehakikisha hesabu.

Tulishuka Finsbury Park. Hakuuliza kwa nini tunashuka. Nilimshika mkono tukapita kwenye ujia hadi kwenye treni za kurudi Walthamstow, nikamsomea ubao, dakika tatu. Alirekebisha kola ya koti lake. Kwenye ngazi za kituo cha mwisho alinitegemea bila kujificha, na tulitembea katika mvua mtaa mzima.

Njenga alifungua mlango akiwa na sahani ya chakula mkono wa kushoto. Alitutazama mmoja, kisha mwingine. Baba Amisha hakungoja kukaribishwa. Alianza kusema pale pale kizingitini, kwa Kiswahili chake kibovu cha Kampala, na mimi nikasimama kando yake, si nyuma.